Vumbi la Rangi na Uso wa Askari Mkongwe

Pasteli ni rangi isiyo na maji wala mafuta. Ni unga wa rangi uliochanganywa na chaki nyeupe au jasi na gundi kidogo mno ya mti, ukakandwa kama unga wa chapati, ukasokotwa kuwa vijiti vya unene wa kidole, kisha ukaachwa ukauke. Jina lenyewe limetoka katika neno la Kiitalia la donge hilo. Gundi ikizidi, kijiti kinakuwa kigumu kama jiwe na hakiachi alama. Ikipungua, kinamumunyuka mkononi. Kinapopitishwa juu ya karatasi yenye ukwaru, unga wake hunasa katika vinyweleo vya karatasi, na ukwaru huo ndio karibu kitu pekee kinachoushikilia. Mtu akipitisha mkono wa shati juu yake, shavu la aliyechorwa linahama. Ndiyo maana picha ya pasteli huwekwa nyuma ya kioo, nacho kioo kisiguse karatasi.

Rangi dhaifu namna hii ilitumika katika vipindi viwili vilivyoachana kwa zaidi ya miaka 100 kunakili nyuso za watu wa vita, na baadhi ya kazi hizo ndizo zinazokumbukwa zaidi katika historia yake. Sababu zimo katika ufundi wenyewe. Rangi ya mafuta hutaka siku kadhaa za kukauka kati ya tabaka moja na jingine, wakati askari mara nyingi yuko likizo ya siku tatu, au yuko kitandani hospitalini, au ataondoka alfajiri. Pasteli haina cha kukauka. Mchoraji anaweza kuacha katikati ya nyusi na kuendelea kesho, au akamaliza kichwa chote asubuhi moja. Tena unga hautoi mng'ao kama mafuta. Hutawanya mwanga kama ngozi ya binadamu inavyoutawanya, kwa hiyo wekundu wa pua ya mtu aliyelala nje miaka mingi, rangi ya majivu chini ya macho, na kovu linalong'aa kidogo kuliko ngozi iliyo kando yake hupatikana kwa kugusa tu. Adha yake ni kwamba rangi za pasteli hazichanganywi vizuri kwenye kibao kama za mafuta. Kila kivuli cha rangi hutaka kijiti chake, na sanduku la mchoraji wa sura laweza kuwa na vijiti mamia.

Aliyeifanya pasteli kuwa ufundi wenye heshima ni mwanamke wa Venice, Rosalba Carriera, aliyezaliwa mwaka 1673. Alianza kwa kuchora picha ndogo juu ya pembe ya ndovu, za kupamba vifuniko vya visanduku vya ugoro, kisha akageukia pasteli, na wasafiri matajiri kutoka kaskazini mwa Ulaya wakapanga foleni mlangoni kwake. Mwaka 1720 alikwenda Paris, akakaa karibu mwaka mzima, akamchora mfalme Louis XV aliyekuwa bado mtoto, na akapokewa katika Chuo cha Kifalme cha Uchoraji, heshima ambayo wanawake wachache sana waliwahi kupewa. Wateja wake walikuwa watu wa hariri na poda ya nywele. Uzee wake aliumaliza akiwa kipofu, akafariki mwaka 1757.

Vumbi hilo la Venice ndilo lililomfikia Maurice Quentin de La Tour, kijana wa mji wa Saint-Quentin kaskazini mwa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1704. La Tour hakuchora karibu kitu kingine isipokuwa watu, na karibu hakutumia rangi nyingine isipokuwa pasteli. Kuanzia mwaka 1737 picha zake zilitundikwa katika maonyesho ya Louvre, na baada ya miaka michache hakuna mtu mkubwa wa Paris aliyeweza kusema amechorwa kama hakuchorwa naye. Alikuwa mtu mgumu. Alidai bei kubwa, aliwajibu wakuu jinsi alivyotaka, na wakati mwingine aliiacha kazi ikabaki nusu.

Miongoni mwa waliokaa mbele yake mwishoni mwa miaka ya 1740 alikuwa Maurice de Saxe, jemadari mkuu wa Ufaransa. Kwa umri, de Saxe alikuwa na miaka 50 na kidogo. Kwa vita, alikuwa mzee kuliko wote waliokuwa chini yake. Mtoto wa nje ya ndoa wa mtawala wa Saxony, alizaliwa mwaka 1696, akapelekwa vitani akiwa mtoto, na mwaka 1709, kabla hajatimiza miaka 13, alikuwapo Malplaquet, moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika karne ile. Mei 1745 aliliongoza jeshi la Ufaransa huko Fontenoy akiwa mgonjwa wa kuvimba maji mwilini hata asiweze kukaa juu ya farasi kwa muda mrefu. Alibebwa katika kigari cha matete, na inasimuliwa kwamba alinyonya risasi ya bunduki ili kutuliza kiu aliyokatazwa kuizima. Alishinda. Miaka mitano baadaye, Novemba 1750, alifariki katika kasri la Chambord alilopewa na mfalme.

La Tour alimchora akiwa amevaa bamba la chuma kifuani, vazi ambalo kufikia wakati ule lilikuwa la heshima zaidi kuliko la kinga. Chuma ni mtihani mzuri kwa mchoraji wa pasteli, kwa sababu unga usio na mng'ao unatakiwa uonekane kama kitu king'aacho. Jibu ni kuweka giza zito, kisha kijiti cheupe kigusishwe mara moja tu, kwa nguvu, mahali mwanga unapopiga. Lakini chuma hicho sicho kinachomshika mtazamaji. Kinachomshika ni uso: nyama iliyojaa, mdomo ulio tayari kucheka, na macho ya mtu aliyekwisha kuona kila kitu na bado ana hamu. Hakuna farasi, hakuna moshi wa mizinga, hakuna bendera ya adui chini ya miguu. Wachoraji wa mafuta wa zama zile walimpa jemadari uwanja mzima wa vita nyuma ya mgongo wake. La Tour alimpa kichwa na mabega, na kichwa kilitosha. Picha hiyo ilipendwa hata ikatolewa zaidi ya mara moja, na nakala zake ziko Louvre, Dresden na Saint-Quentin.

Namna alivyofanya kazi inajulikana kwa sababu ameacha michoro mingi ya maandalizi. Alianza na uso peke yake, juu ya kipande kidogo cha karatasi, mara nyingi ya buluu. Karatasi ya buluu ilipendwa kwa kuwa ni rangi ya katikati, si nyeupe wala nyeusi: mchoraji huongeza mwanga kwa upande mmoja na giza kwa upande wa pili, na buluu yenyewe, ikiachwa wazi, hubaki kuwa kivuli cha ndevu zilizonyolewa asubuhi. Mistari ya chaki nyeusi na nyekundu ilishika umbo, kisha rangi zikafuata kwa michirizo iliyoachwa wazi bila kusuguliwa. Ukitazama karibu, unaona kijani kwenye taya na zambarau kwenye kope. Ukirudi hatua tatu, unaona ngozi. Kipande hicho cha uso kiliweza baadaye kubandikwa ndani ya karatasi kubwa, na mavazi yakachorwa kuzunguka. Mwenye cheo hakulazimika kukaa saa nyingi kwa ajili ya vifungo vya koti. Alitoa uso wake, akaenda zake.

Tatizo lililomsumbua La Tour maisha yake yote lilikuwa namna ya kuugandisha unga bila kuua rangi. Dawa yoyote ya maji inayonyunyiziwa juu ya pasteli huifanya iwe nzito na yenye giza, kama vumbi la barabarani baada ya manyunyu. Fundi mmoja, Antoine-Joseph Loriot, alijitokeza mwaka 1753 akidai amepata dawa, na siri yake, iliyotangazwa mwaka 1780, ilikuwa gundi ya samaki iliyochanganywa na pombe kali. La Tour naye alijaribu zake, akaharibu kazi kadhaa nzuri. Uzeeni alizirudia picha alizozikamilisha zamani, akaongeza unga juu ya unga hadi ukwaru wa karatasi ukajaa na rangi ikakataa kushika. Karatasi ikishiba haina dawa.

Alifariki mwaka 1788, mwaka mmoja kabla ya mapinduzi yaliyowafagia wengi wa wateja wake. Picha zilizobaki katika karakana yake zilihifadhiwa na ndugu yake wa baba mmoja, Jean-François, aliyekuwa ofisa wa wapanda farasi, naye alipofariki mwaka 1807 zikawa mali ya mji wa Saint-Quentin. Kwa hiyo urithi wa mchoraji huyo umefika hadi leo kwa kupitia mikono ya mwanajeshi. Miaka 110 baadaye ulipita mikononi mwa wanajeshi wengine. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mji huo ulikuwa chini ya Wajerumani, na mwaka 1917, mstari wa mbele ulipokaribia, waliuhamisha mkusanyiko wote hadi Maubeuge na kuuonyesha ndani ya duka lililogeuzwa kuwa jumba la sanaa. Duka hilo liliitwa Au Pauvre Diable, yaani Kwa Maskini wa Mungu. Mabwana na mabibi wa Louis XV, waliochorwa kwa vumbi, walisafiri katika nchi iliyokuwa ikilimwa na mizinga, wakafika salama.

Karne ya 19 ilianza kwa kuidharau pasteli kama kitu cha enzi iliyopita, ikaisha kwa kuirudia. Mchoraji Mfaransa Millet aliitumia kuchora wakulima, mwenzake Degas wacheza dansi, na mwaka 1898 ikaanzishwa London jumuiya ya wachoraji wa pasteli, Pastel Society. Wakati huo viwanda vilikuwa vimeshaanza kuuza vijiti vya bei nafuu katika masanduku yanayobebeka kwapani. Mchoraji angeweza sasa kwenda na karakana yake popote, hata wodini.

Aliyekwenda nayo wodini alikuwa Henry Tonks. Alizaliwa mwaka 1862, akasomea upasuaji, akawa mwanachama kamili wa Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji mwaka 1888, kisha akaacha kisu akashika penseli. Kuanzia mwaka 1892 alifundisha uchoraji katika shule ya Slade, na vizazi viwili vya wachoraji wa Uingereza vilipita chini ya ulimi wake mkali. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza alirudi katika tiba, na mwaka 1916, akiwa na zaidi ya miaka 50 na cheo cha luteni, alijikuta katika hospitali ya jeshi ya Aldershot. Hapo alikuwapo Harold Gillies, daktari kijana mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akijaribu jambo ambalo vitabu havikulieleza bado: kuwajengea upya pua, midomo na mataya askari waliong'olewa viungo hivyo na vipande vya mabomu.

Vita vya mahandaki viliumiza nyuso kwa namna yake. Mwili umo ardhini, kichwa kinachungulia. Gillies alihitaji kumbukumbu ya kila mgonjwa kabla ya kupasuliwa na baada yake, na kamera ya siku zile kwa kawaida ilitoa nyeusi na nyeupe tu. Kwa mpasuaji, rangi ni habari. Nyama mbichi, ngozi inayopona, kovu la zamani na damu iliyovilia chini ya ngozi zote zaweza kuwa kijivu kimoja kwenye picha ya kamera. Tonks alikaa mbele ya watu hao na vijiti vyake, akawachora mmoja mmoja. Zaidi ya picha 70 zimebaki, nyingi zikiwa mali ya Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji jijini London. Mwaka 1917 kazi ya Gillies ilihamia hospitali mpya ya Sidcup, na kabla ya kumalizika ilikuwa imewahudumia askari zaidi ya 5,000.

Picha za Tonks ni ngumu kutazama na ngumu kuacha kutazama. Nyingine zimewekwa jozi, jeraha upande huu, uso uliojengwa upande ule. Wengi wa waliochorwa walikuwa na miaka 20 na ushee, ila hakuna anayeweza kuwaita vijana. Rangi ni ileile ya Rosalba, laini, ya waridi, iliyobuniwa kwa mashavu ya mabibi wa Venice, na hapa inatumika kwa nyama iliyopasuka. Macho yamechorwa kwa uangalifu uleule wa jeraha, nayo yanamtazama mtazamaji sawasawa. Tonks mwenyewe aliziona si kitu cha kuonyeshwa hadharani, na kwa miaka mingi zilibaki kuwa mali ya madaktari.

Mwingine aliyechora askari kwa pasteli katika vita hivyo alikuwa ameingia vitani kwa bunduki kwanza. Eric Kennington, mwana wa mchoraji wa sura, alijiunga na kikosi cha London mwaka 1914, akajeruhiwa mguuni mapema 1915, akaruhusiwa kuondoka jeshini mwaka huohuo. Mwaka 1917 alirudi Ufaransa kama mchoraji rasmi wa vita, akajaza sanduku kwa sura za askari wa kawaida, na mwaka 1918 zikaonyeshwa London. Mkono wake ni kinyume cha mkono wa La Tour. Hana michirizo myepesi. Kichwa kinajaa karatasi nzima kama kimechongwa kwa mti, shingo nene, mistari ya uso imekatwa kwa nguvu. Si ajabu kwamba baadaye alikuwa mchonga sanamu pia.

Kazi hizo zilimvutia T. E. Lawrence, ofisa Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, naye akataka sura za aliopigana nao ziingie katika kitabu alichokuwa akikiandika. Mwaka 1921 Kennington alifunga safari hadi nchi za Waarabu na kurudi na pasteli za masheikh na wapiganaji, zikaonyeshwa London mwaka huohuo. Aliowachora ni pamoja na Auda abu Tayi wa kabila la Howeitat, mmoja wa walioiteka Aqaba Julai 1917. Lawrence aliandika kwamba Auda alijeruhiwa mara 13 na kuua kwa mkono wake watu 75, Waturuki wakiwa hawamo katika hesabu. Auda alifariki mwaka 1924. Kitabu kilipotoka mwaka 1926 katika toleo la wachache waliolipia kabla, gharama ya kuchapa picha hizo kwa rangi ilimtia Lawrence katika deni. Uchapaji wa rangi ulikuwa bado anasa, na ukungu wa pasteli ndio uliokuwa mgumu kuliko yote kuhamisha kwenye bamba.

Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, mwaka 1927, askari wa Afrika Mashariki waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vilevile walipata ukumbusho wao Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ulikuwa wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Askari wa Dar es Salaam bado anaielekeza singe yake bandarini, na kila mwenyeji anamjua, lakini si mtu fulani. Ni askari kwa ujumla, bila jina. Pasteli haiwezi kufanya hivyo. Ni lazima mtu aje, aketi, na uso uchorwe ulivyo. Wabebaji waliokufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni ile hawakuwa na mtu wa kuwaambia waketi.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza, Uingereza iliunda kamati ya wachoraji wa vita chini ya Kenneth Clark, na Kennington akaitwa tena. Alianza na mabaharia, akaendelea na marubani, ambao pasteli zao zilichapishwa katika kitabu mwaka 1942. Waliokuwa wakimngoja baada ya hapo ni watu wa rika lake. Mei 1940 serikali ilikuwa imetangaza kwa redio kwamba inataka wanaume wa miaka 17 hadi 65 wajitolee kulinda vijiji na madaraja kama adui angetua, na katika wiki chache walijiandikisha mamia ya maelfu. Kikosi hicho, kilichokuja kuitwa Home Guard, kilijaa wazee wa mahandaki ya 1914 hadi 1918, na baadhi yao walikuwa wamepigana hata Afrika Kusini mwanzoni mwa karne. Hapo awali walikuwa na bunduki chache na utepe wa mkononi badala ya sare. Waliokuwa na medali za zamani walizitoa sandukuni.

Kennington aliwachora kwa mkono ule uliowachora Auda na wapiganaji wenzake: kofia ya kitambaa imeketi wima kichwani, sharubu zimekatwa kwa mtindo wa vita vilivyopita, mifereji ya uso inashuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Kwenye uso wa namna hiyo pasteli ngumu hutangulia kushika mifupa, laini hufuata kwa nyama, na utepe wa medali huja mwisho, michirizo mitatu au minne ya rangi safi ambayo ikisuguliwa kidogo tu hupoteza heshima yake. Picha hizo ziliingia katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, maneno yakiwa ya John Brophy, ambaye naye alikuwa askari wa vita vya kwanza. Home Guard walikuwa wameshapewa ruhusa ya kupumzika Desemba 1944. Kennington mwenyewe, aliyekuwa mkazi wa Oxfordshire, alikuwa miongoni mwao, akikesha na kikundi chake kidogo cha walinzi wa kijiji.